Kindi Mwenye Adabu

Maegesho matupu si msitu mtupu. Nimeanza na hilo ili hata mama atakayeishia mstari wa kwanza, kwa kuwa maziwa yanamfurikia jikoni, awe ameondoka na jambo. Waliobaki na wakae, niwaeleze yaliyotupata Jumamosi ile ya mwisho wa Mei, msimu wa kindi ulipofunguliwa.

Mwanangu ni mmoja tu. Anaitwa Tressa, ana miaka ishirini na mbili, anauza chakula cha mifugo dukani pale njia panda, na bunduki aliijua kabla hajajua kuendesha gari. Alifundishwa na baba yangu, marehemu Orville. Siku zile hofu yangu ilikuwa ndogo, maana waliwinda shambani kwetu wenyewe, majani yakiwa yamepukutika, na kila aliyekuwamo mle tulimjua kwa jina na kwa kikohozi chake. Baadaye shamba likauzwa. Sasa anayetaka kindi aende msitu wa umma, ule ulioko upande wa mto, ambao ni wa kila mtu. Na kitu cha kila mtu, wenzangu, kina kila mtu ndani yake.

Ijumaa jioni nilimkuta Tressa mezani, ameifungua bunduki ya marisau ya babu yake vipande vipande, anaipaka mafuta. Nikamtupia mbele yake kizibao cha rangi ya chungwa, kile kinachong'aa mpaka kinaumiza macho.

"Mama, hiki cha nini?"

"Cha kuvaa."

"Sheria haisemi nivae. Hiki ni cha msimu wa kulungu."

"Sheria haikukuzaa."

Baba yake, Otis, ambaye mgongo umemfunga kitini tangu wakati wa theluji, alicheka mpaka akashika kiuno. "Hapo umepigwa, binti."

"Baba, usimchochee! Kindi wana macho. Nikivaa hiki nitakuwa kama gari la zimamoto. Hatashuka hata mmoja, na keshokutwa tutakwenda makaburini na sufuria la maharage."

Hilo la sufuria lilinigusa, sikatai. Jumapili ile ilikuwa ya kupamba makaburi. Tukishaweka maua, tunakula wote chini ya miti, katika uwanja wa kanisa, na tangu enzi za bibi yangu sisi ndio wa kupeleka kindi na madonge ya unga. Watu hulitafuta sufuria letu kwa macho sala ikiwa bado inaendelea. Mwaka huo Tressa alikuwa ameahidi kwamba atalijaza yeye.

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Delmar, mdogo wangu wa mwisho, ingawa mvi zimemwahi kichwa kizima na ndevu pia.

"Shemeji, umeinuka?" akamwambia Otis.

"Nimekaa. Kuinuka ni kazi ya wenye migongo."

Delmar akaitazama ile bunduki mezani. Akamtazama Tressa. "Mpwa wangu, kesho wapi?"

"Kesho nalala mpaka saa nne, Mjomba. Wiki nzima nimebeba magunia. Na wewe je?"

"Mimi? Samaki. Nakwenda ziwani. Kindi wa Mei nani anawataka, wamejaa viroboto."

"Ndiyo maana na mimi nalala."

"Na hiyo bunduki unaipaka mafuta ukalale nayo?"

"Isipate kutu tu, Mjomba."

"Sawa."

"Haya."

Walidanganyana uso kwa uso, hakuna aliyepepesa jicho. Kwetu huku mtu atakueleza mshahara wake, atakueleza choo chake kimefunga tangu Jumatano, lakini mahali anapowinda hakuambii hata umshikie kisu. Wa Tressa nilijua ni uongo. Wa Delmar niliumeza mzima mzima, kwa sababu alikuwa amekuja kuazima ndoo yetu ya chambo, na aliondoka nayo. Mtu akibeba ndoo ya chambo utamshuku vipi?

Alipokwisha kwenda nikasema, "Kesho nakuja na wewe, Tressa."

"Mama, wewe hata panya unamwamkia."

"Nitabeba kahawa."

Otis akasema, "Mchukue. Usipomchukua atakaa hapa dirishani kuanzia alfajiri ananisomea aina zote za vifo."

Tressa alinyanyua mikono. Akanipa masharti yake: nisiseme, nisikohoe, nisichakure mfuko, nisiombe kwa sauti.

"Mimi huomba kimoyomoyo."

"Mama, kimoyomoyo chako kinasikika mpaka kwa jirani. Ukitoa sauti moja tu, sikuchukui tena maisha."

Nikaahidi. Na yeye akaahidi kukibeba kile kizibao. Kukibeba, alisema, si kukivaa. Nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili.

Asubuhi tuliingia kwenye maegesho ya kokoto mwanga ukiwa ndiyo kwanza unatafuta njia. Palikuwa patupu. Tressa akazima injini, akatabasamu kama mtu aliyeokota.

"Umeona? Hata baiskeli hakuna. Siku ya kwanza ya msimu, na msitu wote ni wetu!"

Nami moyo ulishuka mahali pake. Mtu mwenye hofu hupenda sana kuamini, akipewa sababu hata ndogo huikumbatia. Nilivaa kizibao changu, nikachomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, nikamfuata.

Sasa wale mliozoea uwindaji wa wakati wa majani makavu, sikilizeni hapa. Mwezi wa Oktoba mtu unamwona toka ng'ambo ya bonde, na ukikanyaga jani moja kila kiumbe kinajua umefika. Mei si hivyo. Majani ya Mei yanaweza kuficha kanisa na waumini wake. Ardhi ina unyevu, mguu haulii. Hatua ishirini mbele yako ni ukuta wa kijani, na nyuma ya ukuta kunaweza kuwa na kindi, kunaweza kuwa na bata mzinga, kunaweza kuwa na mjumbe wa baraza la kanisa.

Mforosadi ambao Tressa aliuona wiki ya nyuma uliinama juu ya kijito, matunda yameanza kuwa meusi. Kindi hawawezi kupita matunda hayo. Alinikalisha nyuma ya mwaloni mnene, mbali kidogo, akanifunika na matawi kama mkate wa kuchachusha.

"Mama, ukikaa hapo hata mimi sikuoni," akanong'ona. "Kaa hivyohivyo."

Yeye akaenda kukaa karibu na gogo. Tukangoja. Ndege walikuja, wakala, wakapaka mawe yote rangi ya zambarau. Kindi hakuna. Nyenze wakaanza kelele zao. Kupe mmoja alinipanda shingoni, nikamtoa bila kusema neno, na mnipe sifa yangu kwa hilo.

Mwishowe Tressa akatoa skrubu ndefu ya chuma na sarafu. Hiyo ilikuwa mbinu ya baba yangu, na baba hakuwa mchoyo, aliifundisha nusu ya wilaya. Unayakwaruza meno ya skrubu kwa ukingo wa sarafu, yanatoa sauti ya meno ya kindi juu ya kokwa ngumu. Kindi ana wivu wa chakula. Akisikia mwenzake anatafuna, haji kusalimia, anakuja kuona anatafuna nini.

Krr-krr-krr. Akanyamaza.

Tukasikiliza. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya miti iliyoanguka, kitu kikajibu: krr-krr-krr.

Tressa akageuka, macho yamemtoka kwa furaha. Midomo yake ikasema bila sauti, "Ji-ba-ba."

Akakwaruza tena. Akanyamaza. Kikajibu tena, safari hii karibu zaidi. Nami nikafurahi, jamani, sitawaficha. Niliona tayari kifuniko cha sufuria kinavyocheza. Tressa akakwaruza, kikajibu. Tressa akalala kifudifudi, akaanza kutambaa kuvuka kijito, skrubu mkono mmoja, bunduki mkono mwingine, akitulia kila baada ya muda kukwaruza kidogo.

Hapo ndipo, nikiwa sina la kufanya ila kukaa, nikaanza kufikiri. Nikajiuliza, huyu anatafuna nini?

Kokwa za miti yetu huiva majani yakigeuka rangi. Mimi ndiye niziokotaye, mimi ndiye nizipasuaye kwa nyundo barazani, nazijua. Mei ziko juu ya mti, ndogo kama shanga, hazina hata gamba. Kindi anaweza kufukua moja aliyoizika mwaka jana, hilo nakubali. Moja. Lakini huyu alikuwa anatafuna kama ana gunia.

Halafu jambo la pili. Tressa akianza, yule ananyamaza. Tressa akinyamaza, yule anaanza. Anamsubiri amalize. Nimeishi na kindi kwenye dari yangu miaka mingi, nawaambia kindi hana adabu hiyo. Kindi humkatiza mwenzake, humtukana, humnyang'anya. Kindi anayesubiri zamu yake kuzungumza amelelewa na mama.

Nikasogeza tawi moja pembeni.

Nikamtazama Tressa. Alikuwa amefika kwenye gogo la ng'ambo, amejibanza nyuma yake, na kilichoonekana ni nywele zake tu, zile alizozifunga kisogoni. Nywele za Tressa ni za rangi nyekundu ya kutu. Upepo ulizichezesha juu ya gogo, zikipanda na kushuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu kama angemwona mtu asiyejua kama ni mwanangu. Kitu chekundu, cha manyoya, kinachochezacheza juu ya gogo.

Na mbele yake, chini ya mti ulioanguka, kitu cha kijivu kilisogea. Kikasimama. Kikasogea tena, kikajitokeza nusu.

Tressa akainua bunduki taratibu.

Nilikuwa nimeahidi. Ikiwa ni kindi kweli, na mimi nikipiga kelele, kwisha habari yangu. Angenicheka mpaka Krismasi, na asingenichukua tena, na siku yoyote ambayo angekwenda bila mimi ningekufa mara moja kila saa. Hayo yote yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate. Lakini wahenga wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilisimama na matawi yangu yote, kahawa ikaruka huko, nikapaza ile sauti ninayowaitia ng'ombe:

"KAMA WEWE NI KINDI, KIMBIA! KAMA NI MTU, SEMA JINA LAKO!"

Msitu ukanyamaza. Hata nyenze waliacha. Kile kitu cha kijivu hakikukimbia.

Kisha kikasema, polepole, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: "Delmar Stallcup."

Kikanyoosha shingo. "Dada? Ni wewe?"

Tressa alishusha bunduki, akaifungua pale pale, akatoa risasi zote mbili akaziweka juu ya gogo. Delmar akaibuka chini ya mti ulioanguka, ndevu zimejaa kuvu, kofia hana, ile mvi yote nje, skrubu yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa na hasira kweli.

"Dada Verna! Umenifukuzia mnyama mkubwa kuliko paka! Nusu saa namtambalia! Alikuwa pale, pale juu ya gogo, mkia mwekundu huu, nimeshamlenga, nasubiri tu ainue kichwa ni..."

Akamwona Tressa akisimama nyuma ya lile gogo. Tressa alikuwa ameshika nywele zake kwa mkono mmoja.

Delmar aliiweka bunduki yake chini, akakaa majanini kama mtu aliyekatwa miguu. Nilivuka kijito na viatu vyangu, nikamshika mwanangu, nikampapasa kichwa chote kama natafuta kupe. Naye aliniacha nimpapase, na hiyo si kawaida yake.

Aliyeanza kuongea ni mimi, kwani ni nani mwingine.

"Delmar. Ziwani samaki wanakula?"

Akainamisha kichwa. "Dada, jamani."

"Na ndoo yangu ya chambo iko wapi?"

"Iko kwenye pikapu."

"Ina chambo gani?"

"Ina... ina sandwichi zangu."

Tressa akapasuka kicheko. Kilikuwa kicheko chenye machozi ndani, lakini kilikuwa kicheko. Delmar akamnyooshea kidole. "Na wewe unacheka nini? Saa nne imefika? Umeamka vizuri? Umeota nini?"

"Nimeota kindi mzee mwenye ndevu, Mjomba."

"Mimi nimekuota wewe una mkia!"

"Nyamazeni wote wawili," nikasema. "Delmar, pikapu yako mbona hatukuiona?"

"Iko upande wa darajani. Kwenye maegesho mengine."

Mimi sikujua kama kuna maegesho mengine. Tressa alijua, lakini aliona toka kule ni mbali na kuna mwinuko, nani atajisumbua. Na Delmar alikuta kule kutupu, akajua huku kwetu kupo, akaona toka huku ni mbali na kuna matope, nani atajisumbua. Kila mmoja aliangalia kokoto zake, akajigawia msitu mzima. Kila mmoja alimwambia mwenzake uongo ili asifuatwe. Na wote wawili walikuwa wanakwaruza wimbo mmoja aliowafundisha mtu mmoja, kila mmoja akimtongoza mwenzake aje apigwe.

Niliwaambia hayo pale pale, kwa kirefu kuliko nilivyoandika hapa. Nilipomaliza, Delmar akasema kwa unyonge, "Sasa tufanye nini, Dada?"

"Mvae."

Tressa alikivuta kizibao chake mfukoni. Delmar nikampa changu, kikamkaa kama sidiria, vifungo havikukutana. Nikawakalisha wote kwenye mwaloni wangu mmoja, mgongo kwa mgongo, mmoja aangalie mashariki, mwingine magharibi, nami nikakaa ubavuni. Skrubu zote mbili nilizitia mfukoni mwangu.

"Hatupati kitu hivi," Delmar akanung'unika. "Tunaonekana toka mwezini."

"Mjomba, nung'unika kimyakimya."

Basi tulingoja. Jua likapenya, likayapasha moto yale matunda, harufu yake ikashuka mpaka kwetu. Na kindi wakaja. Walikuja wenyewe juu kwa juu, tawi hadi tawi, wakirukaruka na kutukanana kama kawaida yao, hawana habari na rangi zetu. Walikuwa wanataka forosadi. Tressa alipiga wa kwanza, Delmar akampiga aliyefuata, na kabla ya kila mlio wa bunduki nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Wa kwangu huyu, kulia, juu," na mwenzake akijibu, "Nimekusikia." Sikuwaambia wafanye hivyo. Walianza wenyewe.

Sufuria lilijaa. Nililoweka nyama kwenye maji ya chumvi usiku kucha, nikaichemsha mpaka ikaachana na mifupa, nikadondosha madonge ya unga na siagi, nikamwaga pilipili manga bila kupima. Otis alionja mara nyingi mno kwa mtu mwenye mgongo mbovu, maana kila mara ilibidi ainuke.

Jumapili makaburini palipendeza. Tuliweka maua kwa baba na mama, Delmar akaling'oa jani moja lililoota kando ya jiwe la baba, akalishika muda mrefu. Kisha tukaenda mezani. Tulikuwa hatujamwambia mtu. Tuliona aibu, na tena ile ilikuwa siku ya furaha.

Mzee Cletus, ambaye ana shamba la nyuki na mdomo usiopumzika, alifika kwenye sufuria letu kwanza. Akaonja, akafumba macho.

"Haya. Nani amewapiga hawa?"

"Mimi na Mjomba," Tressa akasema.

"Pamoja? Nyinyi wawili? Makubwa! Mmewapata wapi?"

Sasa swali hilo kwetu lina jibu lake. Hujibiwa, "Juu ya mti," watu wote hucheka, na mazungumzo hugeukia mvua. Delmar alikuwa tayari amefungua mdomo: "Juu ya..."

"Maana na mimi Jumamosi nakwenda," Mzee Cletus akaendelea. "Na mke wangu huyu. Imogene amesema mwaka huu hataki kubaki nyumbani, anakuja kunishikia kahawa. Nitamkalisha nyuma kule kwenye majani, asionekane."

Bi Imogene alikuwa pembeni yake na sahani, kibibi kidogo, kofia yake ya kusuka ya kijivu kichwani. Akatuchekea.

Tressa aliitazama ile kofia. Akanitazama mimi. Nilijua anachotaka kufanya, na nilijua kinamgharimu nini, kwa kuwa mti kama ule mtu hupata mmoja kwa miaka kumi.

"Bonde la kijito," akasema. Na hakusema kwa sauti ndogo. "Ukiingia kwa maegesho ya kokoto, fuata maji mpaka miti iliyoanguka. Mforosadi umeinama juu ya maji. Ndipo tulipokuwa. Na Jumamosi nitakuwa pale tena. Na kuna maegesho mawili, Mzee Cletus, yaangalie yote mawili. Na umvalishe Bi Imogene rangi."

Wanaume walikuwa wamesimamisha vijiko hewani, kama watu waliotajiwa namba ya siri ya benki. Delmar alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mpwa wangu," akasema toka ndani ya viganja, "afadhali ungenipiga jana."

"Kidogo tu nikupige, Mjomba! Ndiyo maana nasema!"

Ikabidi waulizwe, na wakaeleza. Tressa akaeleza alivyokiona kitu cha kijivu, Delmar akaeleza alivyouona mkia. Walipofika kwenye kelele zangu watu walicheka mpaka kuku wa kukaanga akadondoka mezani, na tangu siku ile siwezi kuingia dukani bila mtu kusimama nyuma ya rafu na kusema, "Kama wewe ni kindi, kimbia!" Wacha waseme. Lakini niliwaona akina mama kadhaa ambao hawakucheka. Walikuwa wanawatazama watoto wao, na mmoja alikuwa ameanza kuwahesabu.

Jumamosi iliyofuata Tressa alikwenda peke yake. Sikwenda naye. Nilisema nina nguo za kufua, na nilizifua, hata zilizokuwa safi. Otis alinihesabia mara nilizokwenda dirishani, nikamwambia aache.

Alirudi mapema, kahawa ya pili ikiwa bado mezani. Hana kindi hata mmoja. Midomo na vidole vyake vyote vilikuwa zambarau.

"Mama, ungeona! Magari yamejaa maegesho yote mawili, mengine yamepanda kwenye nyasi. Wote wamevaa rangi, msitu umekuwa kama soko la machungwa! Mzee Cletus amesimama katikati anagawa mabonde: wewe kule, wewe huku, usivuke kijito. Bi Imogene amekalishwa kwenye kiti na kizibao cha kumfika magotini. Kindi wamehama wilaya."

"Na mjomba wako?"

"Amenuna. Amekwenda kuvua samaki. Kweli safari hii, nimekiona chambo kwenye ndoo."

"Na wewe umenuna?"

Alikaa, akajinyoosha, akamwibia baba yake kipande cha mkate. "Kidogo. Nilikula forosadi tu, nikatembea. Nimeona mti mwingine."

Otis akaacha kutafuna. "Wapi?"

Nilimwona akianza lile tabasamu, lile la juu-ya-mti. Kisha likaondoka, akatuambia. Ni ule ulioko juu ya chemchemi, mkono wa kushoto ukishapita daraja, na atakuwa pale Jumamosi zote za Juni, toka kunapopambazuka hadi jua likae sawa. Nimeandika hapa kwa ruhusa yake, na kwa manung'uniko makubwa ya mjomba wake.